Vitalu Mia Mbili Baharini

2 Machi. Mawingu asubuhi, manyunyu kuanzia saa nane. Kazini tulifundishwa kuandika hali ya hewa kwanza, ndipo kazi iliyofanyika. Hali ya hewa ninayo, kazi sina. Daftari hili lenyewe ni la ofisi. Siku ya kustaafu niliondoka nalo pamoja na penseli mbili, Mungu anisamehe. Miaka thelathini na minne nimepima ardhi za watu, nimesimika mawe ya mipaka, nimeamua ugomvi wa ndugu waliotaka kutoana roho kwa sababu ya hatua tatu za udongo. Leo nimepima umbali kutoka kitandani hadi barazani mara kumi na moja. Mke wangu anasema nazunguka humu ndani kama kuku anayetafuta pa kutagia.

3 Machi. Mvua. Hakuna kilichofanyika.

5 Machi. Mvua tena. Mke wangu ameniuliza kwa nini siendi kumwona mdogo wangu wa kike, tangu mwaka uanze sijampitia. Nikamwambia barabara ni matope. Kweli ni matope, lakini sababu si hiyo. Akiniona ataniuliza siku hizi nafanya nini, na mimi jibu sina.

6 Machi. Jua kidogo. Nilikwenda kunyolewa. Kinyozi wetu ni kijana wa miaka kama thelathini, mwenye maneno mengi na mkono mwepesi. Simu yake huisimamisha kwenye kioo, ananyoa huku jicho moja liko kwenye mchezo. Leo alikuwa anagombana na mtu humo ndani kuhusu ukuta. Ndiyo, ukuta. Ana kiwanja katika mji wa kwenye simu, kajenga duka, na jirani yake, asiyejua hata anaishi nchi gani, anadai duka limeingia kwake.

Nilitaka kucheka. Kisha nikaangalia ramani yao, nami nikashindwa kunyamaza. Yule jirani alikuwa amepima kuanzia ukingo wa barabara badala ya kuanzia alama ya kona. Ni kosa ambalo kila mwanafunzi wa mwaka wa kwanza wa kazi yetu hulifanya. Nikamwambia Kinyozi, naye akaandika maneno yangu kama yalivyo akayatuma. Jirani akaondoa dai lake. Kinyozi alikataa kupokea pesa ya kunyoa. Nilirudi nyumbani nimenyooka mgongo, sijui ni wembe au ni nini.

9 Machi. Mvua kubwa usiku, asubuhi shwari. Kinyozi amenifungulia akaunti. Nieleze hapa nisije nikasahau mwenyewe. Mchezo unaitwa Mji Mpya. Mji uko kisiwani, bahari pande zote. Viwanja vinauzwa kwa shanga. Shanga unazinunua kwa pesa hizi hizi tunazonunulia sabuni, na ukitaka unazigeuza tena kuwa pesa zikaingia kwenye simu yako. Juu ya kiwanja unajenga duka, ukumbi, au uwanja wa mashindano, na wachezaji wengine wanakodi. Kukiwa na ugomvi wa mpaka, pande mbili zinachagua mpimaji na kumlipa shanga kidogo.

Wapimaji wao wengi hawajui kaskazini iko wapi. Nimejiandikisha.

10 Machi. Mvua. Migogoro miwili. Nimeimaliza.

14 Machi. Mawingu. Migogoro mitano. Watu nisiowajua wananiita Mzee wa Mipaka. Mmoja ameandika, "Mzee akishasema, tumekubali." Nilimsomea mke wangu. Akasema vizuri, sasa Mzee wa Mipaka akatoe ndoo nje ikinge maji.

18 Machi. Mvua asubuhi, jua la kuungua mchana. Nimekwenda kwa mdogo wangu hatimaye.

Mdogo wangu ni dobi. Anafulia watu wa mtaa, na zaidi nyumba mbili za wageni zinazomletea mashuka. Kiangazi hana shida, kamba zake ziko nje na jua halimdai chochote. Masika ndiyo humkondesha. Nguo hazikauki, wenye nyumba za wageni wananuna, mashuka yanaanza kunuka. Ndoto yake ni moja na naijua tangu mama yetu afariki: kile kiwanja alichoachiwa na mama, ishirini kwa thelathini, ajenge vyumba viwili na banda refu la bati lililo wazi pande zote, upepo upite, aanike mvua ikinyesha. Kiwanja hicho nilikipima mwenyewe nikiwa kijana, mawe manne ya kona niliyasimika kwa mikono yangu. Amekuwa akikusanya pesa za ujenzi mwaka wa tisa huu.

Nilikaa kwenye kigoda mlangoni pake, ndipo mtandao unaposhika, nikamwonyesha mji. Alicheka nilipomwambia wananiitaje. Akapiga pasi huku akiuliza, hili jengo la nani, lile la nani. Nilikaa hadi jioni.

19 Machi. Mvua. Kwa mdogo wangu tena. Amenitayarishia kigoda.

22 Machi. Mvua tangu alfajiri. Kinyozi amenunua kiwanja cha tatu. Wateja wake wanne wamenunua pia, na kila mmoja ananiuliza kwanza. Ninawaambia yale niliyowaambia watu maisha yangu yote: ardhi haizaliwi. Watu wanazaliwa, ng'ombe wanazaliwa, ardhi ni ile ile. Kisiwa kina mwisho, na wanaotaka kukaa humo wanaongezeka kila siku. Kinyozi ameyaandika maneno hayo kwenye karatasi akayabandika juu ya kioo chake.

Mimi mwenyewe nina viwanja viwili, nimevilipia kwa shanga za kazi yangu. Mke wangu amenikataza nisiguse pesa ya akiba. Amesema kiwanja kisichoweza kumpaka matope miguuni hakitaki. Nikamwona mshamba, nikanyamaza kwa heshima.

27 Machi. Mvua. Migogoro tisa. Nalala vizuri.

2 Aprili. Mvua nyepesi, upepo wa mashariki.

Leo nimeona kitu.

Nilikuwa nachora ramani ya mji mzima kwenye karatasi, kwa raha zangu tu, kama nilivyozoea kufanya na mji wowote nilioupima. Viwanja vyao vimepangwa katika vitalu na kila kitalu kina namba. Kitalu cha katikati kabisa, penye bandari, ni namba 201. Kinachofuata 202. Nikatafuta kitalu namba moja, hakipo. Namba mbili haipo. Hakuna chochote chini ya 201.

Hakuna mpima duniani anayeanza kuhesabu kwenye mia mbili na moja kwa bahati mbaya. Nami nimewahi kufanya hivyo. Ule mji mdogo niliopima mwaka wa kumi wa kazi yangu, nilianzia hamsini, kwa sababu mkuu wangu alininong'oneza kwamba msitu wa upande wa mto utafyekwa na tutahitaji namba. Wanunuzi wa mwanzo walidhani wanapakana na msitu milele.

Wale jamaa wenye mchezo wameacha vitalu mia mbili. Ardhi ambayo bado hawajaifungua, na mahali pa kuiweka ni pale tu penye bahari. Siku wakitaka, watabonyeza kitufe na bahari itakuwa nchi kavu. Sasa kuna vitalu mia moja na themanini. Vikiongezeka mia mbili, bei ya vilivyopo itakuwa nini? Hata mtoto anajua.

Nimeificha karatasi chini ya godoro kama mwizi.

3 Aprili. Mvua. Nitawaambia kesho.

4 Aprili. Mvua. Kinyozi alinitambulisha kwa mteja kama "profesa wetu". Sikuwaambia.

6 Aprili. Manyunyu. Nimejiambia huenda ni mtindo wao tu wa kuhesabu. Vijana wa kompyuta wana mambo yao. Nimejiambia hivyo kama mara ishirini.

9 Aprili. Mvua kubwa tangu usiku, mifereji imefurika.

Mdogo wangu ameniambia anataka kuuza kiwanja. Dereva wa lori anayekaa mtaa wa pili amemfuata mara tatu, yuko tayari kulipa taslimu. Mdogo wangu amepiga hesabu zake: akinunua viwanja katika Mji Mpya sasa, akavikodisha mwaka mmoja, atapata kiwanja kingine cha kweli na pesa ya bati juu yake. Kinyozi amemwonyesha watu waliofanya hivyo. Alikuwa anakunja mashuka, mimi kwenye kigoda changu mlangoni. Akasimama na shuka mkononi akaniuliza:

"Kaka, hebu niambie wewe. Ni imara?"

Nami nikamjibu, "Mipaka yake nimeipima mwenyewe."

Basi. Sikusema uongo. Nilijibu swali ambalo hakuniuliza. Akaitikia kwa kichwa akaendelea kukunja, ameridhika, kwa kuwa tangu akiwa msichana anajua kaka yake akisema kitu kuhusu ardhi, hakuna wa kukipinga.

Kwa nini sikusema? Nimejiuliza njia nzima nikikwepa madimbwi. Ningesema namba zinaanzia 201, ingebidi niwaambie wote. Wote wangeuza. Nisingekuwa tena Mzee wa Mipaka. Ningerudi kuwa mzee anayehesabu hatua za barazani. Nimevishwa kilemba cha ukoka, nami nimeona kimenikaa vizuri.

10 Aprili. Mvua. Nitamwambia kesho, kabla hajaonana na Dereva.

11 Aprili. Mvua. Nilikwenda. Alikuwa na furaha, alikuwa anaimba. Kesho.

12 Aprili. Mvua. Sikwenda.

15 Aprili. Jua. Wameandikishana. Nilikuwa shahidi wa upande wa muuzaji. Nimetia sahihi.

16 Aprili. Mvua asubuhi. Dereva wa lori aliomba aonyeshwe mawe ya kona, na nani wa kuyaonyesha kama si mimi? Ni mtu mpole, mnene, alikuja na mkewe na watoto wakiwa na miavuli. Majani yalikuwa yamepanda hadi kiunoni. Nililiendea jiwe la kwanza bila kutafuta, nikafyeka, likawa pale. La pili, la tatu, pale pale. La nne lilikuwa limezama kwenye udongo, nikachimba kwa mikono. Mke wa Dereva alimwambia mumewe kwa sauti ya chini kwamba ukipata mpima wa namna hii huna haja ya kuogopa. Nilisikia.

Mdogo wangu alisimama barabarani chini ya mwavuli wake, hakuingia. Tulipomaliza alisema, "Haya, Kaka, umekikabidhi vizuri." Kisha akanipangusa matope mkononi kwa ncha ya kanga yake.

18 Aprili. Mvua. Mdogo wangu ana viwanja kumi na sita katika Mji Mpya. Vyote amevinunua katika kitalu kimoja, ukingoni mwa bahari. Anasema anapenda kutazama maji.

23 Aprili. Mawingu. Amekodisha vinne. Shanga za kwanza zimeingia, amezigeuza pesa akanunua sabuni ya kilo kumi na kunipa mimi soksi. Nimezivaa.

26 Aprili. Mvua. Bei imepanda tena. Huenda nilikosea kuhusu zile namba. Naomba niwe nilikosea. Sijawahi kuomba hivyo katika kazi yangu.

30 Aprili. Mvua. Kwa mdogo wangu. Tumecheka sana. Jirani yake wa kwenye mchezo kajenga mnara wenye umbo la birika la chai.

4 Mei. Mvua. Hakuna.

7 Mei. Mvua. Nyumba moja ya wageni imemnyima mdogo wangu kazi ya wiki mbili kwa sababu ya mashuka yenye harufu. Amesema haidhuru, ana viwanja.

11 Mei. Mvua tangu saa kumi alfajiri, haikukatika mchana kutwa.

Kinyozi alinipigia simu saa mbili asubuhi, hakusalimu. Akasema nifungue mchezo. Nikafungua. Kulikuwa na muziki na fataki, na maandishi makubwa ya pongezi. Kisha wakaonyesha bahari inarudi nyuma, inarudi, inarudi, mpaka chini pakaonekana uwanda wa kijani umepigwa mistari, na juu ya kila mraba namba. 200. 199. 198. Zinashuka hadi kitalu namba moja. Wamefungua vyote kwa siku moja, na kwa wiki ya kwanza vinauzwa kwa bei ya chini ili, wamesema, kila mtu apate makao.

Kitalu cha mdogo wangu si ukingo wa bahari tena. Kiko katikati ya uwanda mtupu. Waliokodi kwake wameondoka kabla ya saa sita, wamehamia kwenye vipya. Nilitazama bei ikishuka. Hadi saa kumi jioni viwanja vyake kumi na sita vyote kwa pamoja havikuweza kununua mlango wa mbao.

Mke wangu aliniuliza kuna msiba wa nani. Nikamwambia mchezo tu, mchezo umebadilika.

12 Mei. Mvua. Mdogo wangu amepiga simu mara tatu. Sikupokea.

13 Mei. Mvua. Nilikwenda kwa Kinyozi nikiwa na hasira, nimejitayarisha kumwambia kwamba ametuponza, kwamba ameharibu mtaa mzima kwa mdomo wake. Miezi miwili nimekuwa nikimwona kama mpuuzi anayependwa na bahati. Nilimkuta amekaa kwenye kiti cha wateja, mashine imezimwa. Alikuwa ameweka kwenye mchezo pesa ya kodi ya chumba cha kinyozi ya mwaka mzima. Nikaanza kusema, naye hakunijibu kwa ukali. Alionyesha kwa kidole karatasi iliyobandikwa juu ya kioo, maandishi yake mwenyewe: Ardhi haizaliwi.

"Mzee, mimi ni kinyozi," akasema. "Ardhi najua nini? Nilikuamini wewe."

Nilitoka. Kijana huyo kaweka pesa zake kwa neno langu na hakunitukana.

14 Mei. Mvua. Hakuna.

15 Mei. Mvua. Mdogo wangu alikuja hapa nyumbani. Nilimwambia mke wangu aseme nimelala. Nilimsikia barazani akiuliza kama naumwa, na kwamba nisijali mambo ya simu, presha itanipanda. Ameniletea mashati yangu mawili aliyonifulia. Nilikuwa nyuma ya pazia, mtu wa miaka sitini na moja.

17 Mei. Mvua. Nimefuta akaunti yangu. Kabla ya kufuta kulikuwa na ujumbe arobaini. Wengine wanauliza Mzee wa Mipaka anasemaje. Wengine wanasema yale yanayostahili kusemwa.

19 Mei. Mvua, kisha jua saa tisa. Nilipitia njia ya kiwanja. Dereva amechimba msingi na kumwaga zege. Ana haraka, na ana haki. Amenisalimia kwa shangwe, akaniita nione kama amekaa sawa na mpaka. Nikaangalia. Amekaa sawa. Nikamuuliza, nikijua jibu, kama angeweza kufikiria kuuza tena. Alidhani natania.

22 Mei. Mvua. Sijala vizuri. Nimetoa ile karatasi chini ya godoro, nikamwonyesha mke wangu, nikamweleza yote: namba 201, tarehe mbili Aprili, swali la mdogo wangu na jibu langu. Alisikiliza akichambua mchele, hakuinua uso. Nilipomaliza nilitegemea anitukane, ningeshukuru. Akasema:

"Unaniungamia mimi kwa nini? Kiwanja kilikuwa changu?"

Kisha akamwaga mchele chunguni.

Miaka yote nimemwona mke wangu ni mtu wa kukejeli tu. Yeye ndiye pekee hapa aliyejua tangu mwanzo kilichokuwa kinaendelea, na hakuwa amepima chochote.

23 Mei. Mvua. Kesho.

24 Mei. Mvua. Nilifika hadi kona ya mtaa wake, nikarudi.

25 Mei. Mvua kubwa, upepo, baridi. Nimekwenda.

Nilipofika nilitafuta kigoda changu mlangoni. Mvua ilikuwa inapiga hapo, hakikuwepo. Mdogo wangu akaniambia niingie ndani. Ndipo nilipogundua kwamba miezi yote hii sijawahi kuingia. Siku zote nilikaa mlangoni kwa ajili ya mtandao.

Chumba chake ni hatua nne kwa tatu. Nilizihesabu bila kutaka. Kamba zimefungwa kutoka ukuta hadi ukuta, nne, na kwenye kila kamba mashuka ya wageni, yamelowa, yanadondosha maji kwenye mabeseni chini. Unapita umeinama. Kitanda kimesimamishwa wima ukutani, godoro limekunjwa na kufungwa ndani ya mfuko wa nailoni lisilowe. Kulikuwa na kiti kimoja na meza ya pasi. Nikamuuliza analala wapi.

"Hapo kwenye kiti," akasema. "Mvua zikiisha narudi kitandani."

Nikamuuliza tangu lini. Akasema kila masika, tangu ahamie hapa. Ni miaka kumi na miwili. Nami nilidhani banda la bati alilitaka kwa ajili ya nguo.

Nikamwambia. Nilimwambia nikiwa nimesimama, kichwa kati ya mashuka mawili, maji yananidondokea shingoni. Nilisema niliziona namba wiki moja kabla hajaniuliza. Nilisema nilijua bahari itafunguliwa, au nilikuwa na kila sababu ya kujua, na kwamba aliponiuliza kama ni imara nilimjibu kitu kingine kwa makusudi. Nilisema nilinyamaza kwa sababu watu walikuwa wananiita jina zuri. Nilimwambia aje aanike nyumbani kwetu, uwanja wa nyuma tutaezeka kwa kiinua mgongo kilichobaki, mke wangu amekubali. Nilisema yote kwa mfululizo, kama mwanafunzi.

Alikuwa anapiga pasi foronya. Hakuacha. Kuhusu kuanika kwetu akasema ni mbali, nguo safi haziwezi kubebwa dakika ishirini kwenye matope, na wateja wake wako hapa. Alisema asante kwa wifi yake. Kisha akachukua foronya nyingine.

"Kaka, hayo ya vitalu, hata ungeniambia ningekuuliza ni kitu gani," akasema. "Mimi sikuuza kwa sababu ya vitalu."

Nikamuuliza aliuza kwa sababu gani, basi.

"Ulipostaafu uliacha kuja. Miezi miwili na zaidi. Nikajua umekasirika na dunia. Halafu siku moja ukaja na ile simu. Ukaja kesho yake, ukaja kila siku, unacheka, unanieleza. Tangu mama afe hujawahi kukaa kwangu hivyo." Akaigeuza foronya upande wa pili. "Nikasema nikikataa hicho anachonionyesha, hatarudi tena."

Ningependa kuandika kwamba nililia, lakini sikulia, nilisimama tu. Nilikuwa nimejitayarisha kwa hasira yake, na kwa msamaha wake pia, lakini si kwa hilo. Ningeweza kuja kila siku bila simu. Ni mwendo wa dakika ishirini, na nilikuwa sina kazi.

Akaweka pasi chini. Akavuta shuka kutoka kwenye beseni, la wageni, zito kwa maji, akanitupia ncha moja.

"Shika huko, tukamue. Peke yangu huwa haliishi maji."

Tulikamua mashuka tisa, yeye anazungushia kulia, mimi kushoto. Giza lilipoingia akaniambia niende kabla mfereji haujafurika. Nilipogeuka mlangoni alikuwa ameshasogeza kiti ukutani, apate pa kuegemeza kichwa.